Dozi ya Sista Felicitas

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa hapa Boko, na nyie wa Kiwalani mliokodi mabasi mawili kuja kumzika pamoja nasi, maisha mnayosomewa ni ya muuguzi wetu, Sista Felicitas Damian Hyera, na anayewasomea ni Brightson, mwanawe wa kwanza, kwa niaba ya baba na wadogo zake wawili. Familia inawaomba msikilize mpaka mwisho, maana tangu Jumatatu chini ya turubai hili yamesemwa maneno ambayo marehemu asingeyaacha yapite hivihivi, na kwa kuwa leo yeye hawezi kuyajibu, historia yake itayajibu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Mbinga, mkoani Ruvuma, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Damian Hyera na Mama Yustina, akasoma shule ya msingi hapohapo Mbinga kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, kisha sekondari mjini Songea hadi 1976. Akiwa kidato cha pili, baba yake alianguka shambani kwenye kahawa, mdomo umekwenda upande, akafariki akiwa na miaka arobaini na tisa, na ukoo ukasema amerogwa, akatajwa jirani waliyegombea naye mpaka, jirani wa watu akahama na familia yake. Mwaka 1999 kaka yake mkubwa naye akaanguka vilevile, ana miaka arobaini na sita, na safari hiyo hapakuwa na jirani wa kusingiziwa. Mama alikuwa akisema kwamba ukoo wake ulimfukuza mtu asiye na hatia huku mchawi mwenyewe wanatembea naye kwenye mishipa.

Alijiunga na chuo cha uuguzi cha misheni mkoani Ruvuma mwaka 1977, akahitimu 1980, na Januari 1981 akapangiwa hospitali ya serikali wilayani Temeke, wodi ya wanawake. Huko ndiko alikokutana na baba yetu, Mzee Elinami Mshana, aliyekuja kumuuguza dada yake, akagombezwa kwa kukaa kitandani kwa mgonjwa, akarudi kesho yake akakaa palepale makusudi ili agombezwe tena, na tarehe 23 Juni 1984 wakafunga ndoa takatifu. Mungu akawajalia watoto watatu, Brightson, Gaudensia na Salome, na baadaye wajukuu watano. Waliishi Kiwalani mpaka mwaka 2010 walipohamia hapa Boko.

Mwaka 1998 alihamishiwa zahanati moja ya Kiwalani, na mwaka 2004 akakabidhiwa kliniki ya sukari na presha, kila Alhamisi, na hapo ndipo ilipoanza vita yake na neno moja, neno lenyewe ni dozi. Sisi sote tumelelewa kwamba dozi inamalizwa, ukiumwa malaria unameza, unamaliza, unapona, unarudi kazini, basi mtu akipewa vidonge vya presha vya mwezi mmoja anameza, kichwa kinaacha kugonga, anawatangazia majirani kwamba amemaliza dozi, na baada ya miezi mitatu analetwa amebebwa, mkono mmoja hauinuki. Jamani, mama yetu aliimba wimbo huo miaka na miaka, kwa upole, kwa ukali, kwa utani, kwamba ugonjwa huu haufukuzwi, unalazwa, na kila siku lazima uubembeleze, wakamwitikia ndiyo Sista, wakatoka nje wakamaliza dozi. Alikuwa akirudi nyumbani, anavua viatu, anamwambia baba kwamba leo ameongea na ukuta, na ukuta una nafuu, haudanganyi.

Walikuwepo pia aliowaita wagonjwa wa Alhamisi, wanaokaa wiki nzima bila kidonge halafu wanameza asubuhi ya kliniki ili mashine isiwaumbue. Kinara wao alikuwa Mzee Haroub, mwenye duka la vyombo, ambaye yupo hapa na fimbo yake na ametupa ruhusa ya kumtaja, kwa sababu guu lake la kushoto, lililokatwa kwa sukari likabaki kisigino, limeshamtaja siku nyingi. Baada ya guu lile mama hakumgombeza, alimuuliza ni kitu gani hajawahi kukiacha hata siku moja, akajibu swala ya alfajiri, akaambiwa basi vidonge vikae kando ya msala, na mwezi wa Ramadhani ulipofika wakakaa wote wawili wakapanga upya, cha daku na cha futari. Mzee Haroub hajakosa tena, na wagonjwa wengi waliokaa hapa waliwekewa vidonge vyao kwa namna hiyohiyo, mwingine kwenye sufuria ya chai, mwingine kwenye mswaki.

Sasa kuhusu presha yake mwenyewe, ambayo wengi mmeisikia nusunusu. Tarehe 12 Agosti 2004, akiwafundisha wauguzi wadogo kutumia mashine, alitoa mkono wake uwe wa mfano, mashine ikasoma juu sana, naye akawaambia mashine mbovu, akaipeleka kwa fundi. Fundi akairudisha akisema nzima, mama akaagiza ya pili, nayo ikasema yaleyale, na ndipo alipokaa chini akakumbuka kwamba ana miaka arobaini na sita, miaka ya kaka yake. Tangu siku hiyo alimeza kidonge chake kila asubuhi mbele ya picha ya Mzee Damian, na mgonjwa yeyote aliyemuuliza dozi hii naimaliza lini Sista, alijibiwa bila kupepesa macho, siku tutakayokuzika.

Alistaafu mwaka 2018, akaombwa aendelee na Alhamisi zake, akaendelea, kutoka Boko hadi Kiwalani, mpaka Juni mwaka huu 2025 alipoanza kukonda na kushindwa kula, akapimwa, akakutwa na saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa. Tunarudia, saratani ya kongosho. Wiki yake ya mwisho wodini, mwanafunzi wa uuguzi aitwaye Mudathir alimpima presha, mama akamwambia mwanangu mkono wangu unaning'inia, uweke vizuri upime upya, kijana akapima upya, presha ikawa nzuri kama ya msichana, na wote wawili wakacheka. Alifariki Jumatatu, tarehe 6 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba.

Na sasa tuyajibu ya turubai. Jumatatu ileile, maji ya chai hayajachemka, tulisikia ikisemwa mganga hajigangi. Si kweli, huyu alijiganga miaka ishirini na mmoja. Jumanne Bi Munira, jirani yetu wa zamani wa Kiwalani, ambaye tunampenda na aliyelia kuliko sisi, alisema, kama Sista mwenyewe kameza miaka yote hiyo na kafa, sie tunahangaika na vidonge vya nini, na jana tukasikia wenzake wawili nao wameviweka kando. Bi Munira, utuwie radhi, lakini hili limetuuma kuliko msiba wenyewe. Tungeweza kuvumilia kumzika mama, hatuwezi kuvumilia kifo chake kitumike kubomoa kazi aliyoifanya maisha yake yote. Presha haikumuua mama. Ilimuua baba yake, ikamuua kaka yake, ikamkosa yeye, akawaona wajukuu ambao wao hawakuwaona, na vidonge hivyo mnavyovibeza ndivyo vilivyotupa mama kwa miaka hiyo yote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, kijana Mudathir, majirani wa Boko kwa turubai na kwa kupika, jumuiya yetu, Mzee Haroub aliyeleta masufuria yote mnayoyaona, na wafanyakazi wenzake wa zahanati wakiongozwa na Sista Wahiba, aliyerithi meza yake. Leo ni Alhamisi na kliniki imefungwa kwa ajili ya mazishi, kwa hiyo Sista Wahiba anawatangazia kwamba itafanyika kesho Ijumaa, kuanzia saa moja asubuhi, na baba anaomba kila anayetaka kumpa pole aanzie huko. Bi Munira, gari la kukupeleka litakuwa mlangoni kwako.

Mama, uliwaambia ukweli, wakadhani unatania. Wapo hapa wote, wamekuja kushuhudia, na hakuna mwingine kati yao anayeruhusiwa kusema neno hilo ila wewe: leo dozi umeimaliza. Lala, Sista wetu, pumzika kwa amani.