Mama Damu Aaga Benki ya Damu

Miaka thelathini na miwili! Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mkuu wa benki ya damu ya hospitali yetu, ambaye sote tunamwita Mama Damu, anavua koti jeupe na kustaafu, nasi tumeshindwa kukaa kimya.

Alianza kwa kuosha vyombo vya maabara. Akasoma jioni, akafaulu, akakabidhiwa friji moja bovu. Leo friji ni nne na wachangiaji elfu sita, wengi aliwanasa mwenyewe sokoni na kwenye foleni. Hata mkwe wake mtarajiwa alilazwa kitandani akatoa damu wiki moja kabla ya harusi. Alizirai, ndoa ikafungwa hivyo hivyo.

Lakini kila anapoajiriwa mgeni, tunamsimulia habari ya dereva. Asubuhi moja aliletwa dereva wa lori aliyepata ajali, akivuja damu. Kundi lake O hasi, na kwenye friji hatukuwa nayo. Mama Damu ni wa kundi hilohilo. Aliposoma jina kwenye fomu, akaganda. Dereva huyo ndiye aliyemgonga mdogo wake wa mwisho miaka tisa nyuma, akamuua na kukimbia, na jina lake familia ililipata polisi. Angekataa, nani angemlaumu? Aliingia chooni, akatoka macho mekundu, akakunja mkono wa blauzi. Mimi, msaidizi wake maabara, ndiye niliyeshika sindano.

"Fanya haraka, mdogo wangu," akaniambia, "kabla moyo haujanigeuka."

Dereva alipona. Alipojua damu ilikuwa ya nani, alilia, akauliza kwa nini. Mama Damu hakuwa na desturi ya kuhubiri kazini, ila siku ile alimjibu: "Sisi Wakristo tunaamini Yesu alimwaga damu yake tungali wakosaji, ili tusamehewe na kupatanishwa na Mungu. Nimesafishwa kwa damu nisiyoistahili. Yangu nikunyime kwa lipi?" Kisha akamwonya asichanganye damu hizo mbili: yake imemwongezea siku tu, ya Yesu ndiyo inayompa mtu uzima wa milele.

Dereva alikwenda kumwomba radhi mama mzazi wa marehemu. Mama huyo alichukua miaka miwili kumfungulia mlango, lakini alimfungulia. Siku hizi kila baada ya miezi minne dereva hutuletea madereva wenzake, mikono tayari.

Mama Damu, asante kwa kila uhai uliopita mikononi mwako. Nenda ukaimbe kwaya, ukadekeze wajukuu, ukalale mpaka jua likuamshe. Mungu akujalie miaka mingi, yenye afya na furaha tele.