Daktari Esnath Ngimbudzi na Vita ya Malipo Sawa

Mchungaji, ndugu wafiwa, majirani wa Kichiwa, na ninyi mliotoka Makambako na baridi hii, tulieni kidogo tumsikie dada yetu. Hakupenda kukatizwa alipokuwa hai, na leo pia msimkatize.

Daktari Esnath Ngimbudzi alizaliwa hapa Kichiwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa tatu wa mzee Yonathani Ngimbudzi na mama Hulda, wakulima wa viazi na Walutheri wa tangu na tangu. Alikuwa mbishi toka utotoni. Krismasi moja alikula firigisi ya kuku, ambayo kila mtu anajua ni ya baba. Mama akashika kichwa. Mtoto akasema, "Kuku nimemkimbiza mimi, nikamnyonyoa mimi. Baba alikuwa amelala." Mzee Yonathani alicheka mpaka akapaliwa, na adhabu ikaishia hapo.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, sekondari ya wasichana mkoani Iringa, na mwaka 1996 akahitimu udaktari Dar es Salaam. Serikali ikampeleka Ludewa. Huko alikutana na mwalimu Jofrey Mtewele, wakafunga ndoa tarehe 4 Septemba 1999, wakajaliwa watoto wawili.

Mwaka 2011 alihamia Makambako, kwenye kliniki ya mzee Shadrack Chaula, akawa daktari wa familia nyingi, kuanzia bibi hadi kitukuu. Hapo ndipo vita ilipoanza. Kliniki ililipa madaktari kwa idadi ya wagonjwa waliowaona, na ukisikia hivyo utasema ni haki tupu. Lakini wanawake, watoto na vikongwe wote, mapokezi waliwaelekeza chumba kimoja, cha dada yetu: "Nendeni kwa mama." Na ninyi mnawajua mama zetu! Bibi wa Kibena akiingia kwa daktari, salamu ya kamwene kwanza. Ataulizia watoto, ataulizia viazi, atalalamikia goti. Ugonjwa wenyewe atautaja ameshashika kitasa cha mlango: "Halafu hapa kwenye titi, mwanangu, kuna uvimbe." Daktari Esnath alilijua hilo, ndiyo maana hakumharakisha mtu. Chumba cha pili, Daktari Romanus alikuwa akitibu migongo na vikohozi vya madereva wa malori, ingia toka, ingia toka. Mwisho wa mwezi Romanus alipata karibu mara mbili yake. Shahada ileile, saa zilezile!

Esnath alipouliza, mzee Shadrack alimjibu, "Dokta, hapa hatulipi maongezi."

"Mzee," akasema, "ugonjwa umo humo kwenye maongezi."

Mwaka 2019 mzee akamwita faraghani, akataka kumwongezea yeye peke yake, kimyakimya. Akakataa. Shemeji Jofrey alishindwa hata kula, maana ada ya chuo ya Justine ilikuwa inawasubiri. "Mama Justine, unakataa riziki?" Akamjibu, "Nikiipokea, Jenifer atapunjwa mpaka azeeke." Jenifer ni daktari kijana aliyeajiriwa mwaka ule, naye alipelekewa wanawake na watoto. Nyumba ilinuna. Sisi ndugu pia tulikasirika, tukamwambia wazi.

Badala ya nyongeza aliomba kitu kimoja tu: kwa mwezi mmoja wagonjwa wagawiwe kwa zamu, anayefuata aende kwa daktari mwenye nafasi, awe bibi, awe dereva. Loo! Foleni ya Romanus ikafika getini. Vikongwe walimsalimu, wakakaa, wakamtazama. Akiwahimiza, wanaondoka bila kusema kinachowauma, kesho wanarudi. Malipo yake yalipotoka yamepungua, alimfuata Esnath. "Dada, nisamehe. Nilidhani wewe ni mzito tu wa kazi." Wakaingia pamoja kwa mzee. Mzee akakubali kwa mdomo kuwalipa sawa, kisha akavuta miguu kwa miaka. Esnath alimkumbusha kila kikao. Aliwachosha watu, tuseme ukweli, na alijua anawachosha.

Februari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa Njombe na Dar es Salaam, kisha akaomba arudishwe nyumbani kwake Makambako. Mwezi Julai Jenifer aliingia mbio, hata viatu hakuvua. "Mama, tumelingana! Mimi na Daktari Romanus tunalipwa kwa saa, kiwango kimoja!" Dada yetu alifumba macho, machozi yakamtoka. Tukadhani sasa ameridhika. Thubutu! Akafumbua macho. "Na malimbikizo ya miaka yote ile?" Jenifer akatikisa kichwa. "Basi bado," Esnath akasema.

Alifariki tarehe 14 Agosti 2025, mikononi mwa mumewe. Ameacha mume, Jofrey, watoto, Justine na Jasmine, mjukuu, Noela, mama mzazi, Hulda, na sisi ndugu zake, Enoki na Anneth. Tutamlilia sana.

Tunamshukuru mzee Shadrack, aliyekaa pale mbele, kwa jeneza hili zuri. Tumelipokea kwa mikono miwili. Ila marehemu aliagiza neno moja lisomwe hadharani, nasi tunalisoma: malimbikizo ya madaktari wanawake hayajalipwa. Mzee, Jumatatu Daktari Jenifer atakuja ofisini kwako, na sisi ndugu tutamsindikiza.

Dada Esnath, wewe sasa pumzika kwa amani. Jumatatu ni zamu yetu.