Risper Minayo, Aliyeyajua Mashamba ya Watu

Ndugu, marafiki mliotoka mitaa ya Bani Malik na Kandara, na Madam Beryl: leo Alhamisi, tarehe 27 Machi 2025, tumekusanyika hapa Jeddah kumzika dada yangu, Risper Minayo. Mimi ni Selipher, anayemfuata kwa kuzaliwa. Nimekuja kwa basi kutoka Riyadh kusoma maisha yake, nami nitayasoma yote, pamoja na jambo moja nililomficha kwa wivu miaka sita. Aliyechapa karatasi hizi aliniuliza kama nina hakika. Ninayo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1984 katika kaunti ya Vihiga, kifungua mimba wa Mzee Zacharia na Mama Lois. Nyanya yetu ndiye aliyempokea alipozaliwa, na tangu siku hiyo hakuona mjukuu mwingine. Sisi wengine alituita kwa jina la Risper kwanza, kisha ndipo akumbuke letu. Mimi nilikuwa Risper mpaka nikafika darasa la nne.

Alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1998, akaitwa shule ya bweni. Mimi nilibaki kulala jikoni kwa nyanya na kumchotea maji. Risper alimaliza kidato cha nne mwaka 2002 akiwa na A ya jiografia, na baba aliibandika karatasi ya matokeo ukutani. Bado iko pale, imeziba ufa.

Mwaka 2005 aliolewa na Hillary, dereva wa lori, na Januari iliyofuata wakajaliwa binti, Valentine. Ndoa ilikwisha mwaka 2011 bila kelele. Alirudi nyumbani amemshika mtoto mkono, na kaka yetu Duncan akampokea mlangoni. "Karibu," akamwambia, "lakini ujue hapa si kwako tena."

Saudia nilitangulia mimi. Mwaka 2014 nilimtafutia kafili, mwajiri wa kumdhamini, huko Riyadh, mtaa uleule wangu, kwa sababu nilimtaka karibu. Miaka mitatu baadaye kafili huyo alihama nchi, na Risper akapata kazi Jeddah. Aliponiambia anakwenda kwa Beryl, nilidhani ni dada wa Kisumu. Kumbe ni Mwingereza, mjane wa mhandisi wa hapa, anayekaa mtaa wa Aziziya.

Madam alikuwa akiandika historia ya kijiji alichozaliwa, Brinscote: nani alilima wapi, ua gani wa miti ulipandwa lini, njia ipi ilipitisha majeneza kwenda kanisani. Alikuwa na masanduku kumi na manne ya ramani na macho yaliyochoka. Vyombo vikishaoshwa, Risper alimsomea. Kule kila shamba lina jina lake, hata likiwa dogo kama sebule, na dada yangu aliyajua yote. Mimi nilikuwa Riyadh nikipiga deki ngazi za nyumba ya watu kumi na mmoja, naye ananitumia ujumbe wa sauti akilia kwa sababu malisho ya Brinscote yalizungushiwa ua mwaka 1797 na maskini wakakosa pa kuchungia ng'ombe. Ng'ombe wale walikufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Mgongo wangu uliokuwa ukiuma wiki ileile hakuuulizia.

Siku moja akaniambia, "Selipher, leo madam ameniandikia Eka Ndefu. Kesho ataniandikia Kipande cha Kasisi." Kwetu ukisema umeandikiwa shamba, shamba ni lako. Ijumaa hiyo niliwatangazia wenzangu wote kwamba dada ameandikiwa ardhi Uingereza, na wiki mbili nikawa nazihesabu ekari zake usiku. Mwishowe nilimpigia nikamuuliza kama na mimi nimekumbukwa. Alicheka mpaka simu ikamwanguka.

"Wee, ni majina tu," akasema. "Ananiandikia hiyo history kwa karatasi ndio nisome. Ardhi nitoe wapi mimi?"

Sikucheka.

Mwaka 2019 alianza daftari la kwetu. Alitaka shamba la baba liandikwe kama Brinscote, kipande kwa kipande. Kila Ijumaa alipiga simu: pale kwa mawe paliitwaje, nani alipanda ile mikalatusi. Alijaza vipande vyote isipokuwa kimoja, kilicho chini ya kijito. "Wewe ndio ulikuwa unalala kwa nyanya," akaniuliza. "Hakukuambia?"

Nikamjibu, "Sijui, dada."

Kichwa kilianza kumuuma Ramadhani ya mwaka jana, na daktari akasema ni shinikizo la damu. Ilipozidi mwaka huu, madam alimpeleka hospitali, akakaa kitini kando ya kitanda, na habari zote mimi nilizipata kwa Danson, dereva wa madam. Nilikionea wivu hata kile kiti. Dada aliaga dunia Jumapili, tarehe 9 Machi. Danson anasema siku tatu kabla aliomba daftari, akaitazama ile nafasi tupu, akasema, "Selipher anajua. Muache tu, atasema akitaka."

Nataka sasa. Ilikuwa mwaka 1999, mimi na nyanya tukipalilia maharagwe, Risper yuko bweni. Nyanya alisema, "Hapa ni Kwa Risper. Mumwachie, hata akiolewa." Jembe lilikuwa mkononi mwangu mimi. Desemba hii Duncan na wazee wanagawa shamba, na wamesema kipande hicho hakina mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshaomba nipewe.

Danson, mtafsirie madam aandike kwenye daftari: chini ya kijito, Kwa Risper.

Baba alitangulia mwaka 2016. Marehemu ameacha mama yake Lois, kaka yake Duncan, binti yake Valentine, mwenye miaka kumi na tisa, Madam Beryl, ambaye bado sijampenda, na mimi.

Valentine, najua unasikiliza kwa simu. Mvua zimeanza huko. Teremka chini ya kijito ukapande, na mtu akikuzuia mwambie anipigie mimi.

Dada, ungeniuliza mara moja zaidi ningekwambia. Hapana, nisingekwambia. Pumzika sasa kwa amani niliyokunyima.