Picha Iliyokatwa Pembeni

Sogezeni viti, wanangu, wewe kifungua mimba na wewe kitinda mimba, mkae mahali ninapowaona wote wawili, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kupigia kelele, na msinikatize hata nikikohoa. Daktari kasema nipumzike. Nitapumzika sana, wala hana haja ya kunihimiza.

Cherehani na mikasi yote ni ya binti yangu. Nyumba nitaisema mwisho. Kwanza sikieni habari ya mjomba wenu, ambaye mji mzima unamwita Jicho, niliyekula naye, nikacheka naye, nikamshonea na suti za kuwapokelea wateja wake, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Mwanangu wa kiume, unakumbuka siku uliyoniletea mfuko wa kamera kutoka studio ya mjomba wako unakofanya kazi, mkanda wake umekatika, ukasema, "Mama, nishonee hapa"? Kamera ilikuwa bado ndani. Nikaitoa isinizuilie sindano, na nilipoishika tu, kidole changu kikaenda chenyewe kwenye kitufe. Miaka sitini nilikuwa nimesahau kwamba nilipokuwa na miaka kumi na mmoja sikuwa na mchezo mwingine duniani ila kamera ya baba na yeyote aliyekubali kukaa kwenye mwanga. Ukaniachia ile kamera kuukuu ya filamu, mkanicheka, bibi mzima kumpiga picha muuza mkaa na paka wa jirani, kisha kujifungia bafuni na balbu nyekundu nikisafisha picha mwenyewe, ninyi mnangoja kuoga mpaka jioni. Chekeni tu. Miaka miwili hiyo ya kamera uzeeni nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, na marehemu baba yenu anisamehe kwa hilo.

Kisha droo ya cherehani, niliyorithi kwa mama, ikakwama. Nikaing'oa, na nyuma yake nikakuta kopo la poda la mama yangu, ndani mna negativu moja, kile kipande cha filamu kinachotolewa picha, imefungwa kwa kitambaa.

Mnaijua picha ya bibi yangu kipofu akicheka mlangoni, ile ya dirishani studio, iliyompa mjomba wenu jina. Bibi alifariki siku tatu baada ya kupigwa picha hiyo, filamu haijasafishwa bado. Baba alipoiona alilia, akauliza nani kaipiga. Nikasema mimi. Kaka yangu akasema yeye, huku ananitazama usoni. Nikazabwa kibao kwa kusema uongo na msiba haujaisha. Yeye akapewa kamera, na chumba cha mbele kikawa studio yake, mimi nikapelekwa kwa fundi nikajifunze kushona. Nikaambiwa mara nyingi mno kwamba ni yeye, mwishowe nami nikaamini, na kamera nikaisahau. Aliniibia picha, akaniibia na kukumbuka.

Basi bafuni mle nikatoa picha ya negativu ile, nzima nzima. Bibi ni yule yule, anacheka. Lakini pembeni kulia, sehemu ambayo dirishani haionekani kwa kuwa kaka yangu aliikata kabla baba hajaiona, pana benchi, na juu ya benchi kijana amelala chali, kinywa wazi, kiatu kimoja mguuni. Ndiye mjomba wenu! Ilikuwa zamu yake ya kumwangalia bibi. Sasa niambieni, mtu anapigaje picha huku yeye mwenyewe anakoroma ndani yake?

Na mama yangu alijua. Aliificha mahali ambapo mshonaji peke yake angefika, akanyamaza. Nikimkuta huko niendako, tutaongea.

Nilimpelekea kaka yangu. Aliitazama, akasema, "Dada, yaliyopita si ndwele. Tumeshazeeka, unataka nini tena?" Neno nisamehe halikumtoka. Yaliyopita ni ndwele, wanangu, na mimi ndiyo inayoniua, daktari asiwadanganye. Siku za mwizi ni arobaini, na yake ya arobaini itakuwa siku ya kunizika mimi.

Nimeikuza ile picha, iko nyuma ya kabati, imefungwa shuka. Atakuja kusema neno la ukoo, atakaa kiti kikubwa sebuleni. Kabla hajafungua kinywa, itundikeni ukutani mbele yake. Msimtukane. Wapeni watu chai, waacheni watazame.

Mwanangu wa kiume, najua unakula kwa mkono wake, na jioni ile ile atakufukuza. Nimelala na jambo hilo wiki nzima. Mama mwema asingekuomba hivi. Mimi wema umenichosha.

Nyumba ni ya atakayepigilia msumari. Mkipigilia wote, ni yenu wote. Asipopigilia yeyote, apewe mjomba wenu, awe amekula vyote. Mwalimu wa jirani ameyaandika, nami nimetia dole gumba. Mbona mnatazamana?

Nipeni maji... basi, yanatosha. Leteni vichwa, niwashike. Mungu awakuze, awape watoto wa kuwaamini wanaposema... wanaposema ni mimi. Mkono wenu usi... usitetemeke. Usilie, mwanangu. Nyundo... nyundo iko chini ya kitanda.