Mwalimu Toa Anatoka

Mwalimu wetu amefanya kazi kwenye chuo hiki miaka thelathini na mmoja. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini mwezi wa sita. Wasomi wa hapa walitaka kumwandikia. Yeye akasema hapana, aandike kibarua, ataandika kifupi na watu watakula mapema.

Kibarua ni mimi. Nafyeka, nabeba, nagonga misumari. Shule niliishia darasa la nne. Makosa mtavumilia.

Kwa wageni: hapa wanasoma wachungaji. Mwalimu anafundisha Ukristo ulivyoanza. Yaani anafundisha kwamba haukudondoka kutoka mbinguni kama embe bivu. Ulizaliwa nyumbani kwa Wayahudi. Yesu Myahudi, mama yake Myahudi, mitume wake Wayahudi, hata ugomvi wao wa kwanza ulikuwa wa Wayahudi kwa Wayahudi. Kila mwaka kwenye mtihani anauliza Yesu alikuwa wa dini gani. Mwanafunzi mmoja aliandika jina la dhehebu letu. Mwalimu alimpa alama moja, ya upendo.

Tulianza kwa kugombana, mimi na yeye. Nilikuwa mgeni kazini. Asubuhi nimepanga viti darasani, vimenyooka. Saa nne napita, viti vyote viko nje kwenye majani, darasa jeupe. Nikauliza nani kafanya huu upuuzi. Akatoka mama mfupi, chaki mpaka kwenye nyusi, miwani imefungwa uzi.

"Mimi, kaka. Ni somo."

"Somo gani la kuhamisha vyombo?"

"Kaa wiki ijayo usikilize. Halafu unitukane vizuri."

Nilikaa. Somo lenyewe liko hivi. Kila mwanafunzi anataja kitu kimoja anachokipenda kanisani. Mwalimu anaeleza kilikotoka. Kama kimetoka kwa Wayahudi, anasema, "Toa!" Mwanafunzi anabeba kiti chake anakwenda nje. Zaburi, toa. Pasaka, toa. Kupumzika siku moja kwa wiki, toa. Mmoja alijiona mjanja, akataja msalaba. Mwalimu akasema huo kweli ni wa Warumi, lakini aliyetundikwa ni nani? Toa. Mwaka mmoja alibaki kijana peke yake ndani, anacheka. Alikuwa ametaja gitaa la umeme. Mwalimu akamwambia, "Hongera, mwanangu. Kanisa lako ni gitaa."

Halafu anasimama mlangoni anawaambia wale wa nje: kuna kutoa kwa kuondoa na kuna kutoa kwa kumpa mtu. Wayahudi walitoa. Nyinyi mkitoa walichotoa, nyumba ndiyo hiyo, angalieni. Wakaangalia. Tupu.

Ndiyo maana anaitwa Mwalimu Toa. Jina walimpa wanafunzi. Yeye analipenda.

Asije mtu akasema anachanganya dini. Hachanganyi. Siku moja nilimwambia basi Uyahudi ni mama na Ukristo ni mtoto. Akakataa. Akasema ni ndugu wawili wa tumbo moja. Nyumba ya zamani, lile hekalu lao, ilibomolewa na Warumi, na kila ndugu akajenga yake kwa matofali aliyookota. Mmoja alisema Masihi ameshakuja, mwenzake akasema bado. Hapo ndipo walipoachana, na hilo si jambo dogo. Ila ndugu kumkana ndugu, na baadaye kumpiga mawe, hiyo si dini. Hilo alilisema bila kucheka.

Kitu kingine lazima nikiandike. Mke wangu alipofariki, watu walijaa kwangu. Kila mtu na neno lake. Mungu amempenda zaidi. Jikaze, wewe mwanaume. Mwalimu alikuja akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, hakusema kitu. Alikaa mchana wote. Jioni nikamwambia, "Alikuwa anaimba vibaya sana yule mwanamke." Ndipo naye akafungua mdomo. "Sana," akasema. Tulicheka, nikalia. Baadaye aliniambia hiyo ni adabu ya Wayahudi: ukienda msibani unanyamaza mpaka mfiwa aanze yeye. Nikasema basi na hiyo hatukuchukua? Akasema hiyo tuliisahau njiani.

Kwa hiyo walipotaka kumfukuza, mimi sikuwa mtu wa katikati. Mjue hivyo.

Ilikuwaje? Alikuja mwanafunzi ambaye tayari alikuwa mhubiri, sauti kama mashine ya kusaga. Tulimwita Kipaza. Siku ya somo la viti alikataa kubeba. Akasema yeye hana deni kwa watu waliomuua Bwana. Mwalimu akamwambia waliomuua ni askari wa Kirumi, na waliomlilia walikuwa Wayahudi, akina mama. Kipaza akaenda kushtaki kwa baraza la chuo. Kwamba huyu mama anafundisha Yesu hakuwa Mkristo. Na kweli ndivyo anavyofundisha.

Baraza likakaa kwenye darasa lile lile, na Kipaza naye akaitwa. Mimi siku hiyo nilitumwa kutengeneza bawaba za mlango. Mlango nilikuwa nimeshaung'oa, hawakuweza kuufunga. Kwa hiyo sikusikiliza kwa siri. Nilikuwa kazini.

Mwenyekiti ni mzee mpole. Akasema, "Mwalimu, tunakuomba kitu kidogo tu. Sema ulikosea, yaishe. La sivyo, mwisho wa mwezi tutaagana."

"Mzee wangu, nikisema nilikosea, hapo ndipo nitakuwa nimekosea."

"Sasa tufanyeje?"

"Nipeni somo moja. Kila mmoja wenu ataje kitu chake. Wakibaki ndani hata wawili, naacha kazi leo. Sisubiri mwisho wa mwezi."

Niliweka bisibisi chini. Nikamtazama kama nimwambie acha, mama, una watoto wanasoma. Hakunitazama.

Wakakubali. Mhazini akataja mahubiri. Mwalimu akasema kusoma Maandiko halafu mtu anasimama kuyaeleza, hivyo ndivyo walivyofanya kwenye sinagogi, na Yesu mwenyewe alifanya hivyo Sabato kijijini kwao. Toa. Mama wa kwaya hakungoja. Alisema "zaburi" huku kiti kiko kichwani. Mwingine akataja ubatizo. Mwalimu akasema Wayahudi walikuwa wakiingia majini kujitakasa kabla ya Yohana, na Yohana naye ni wao. Mwingine, meza ya Bwana. Mkate, kikombe, shukrani kwa Mungu, meza ya nani hiyo? Akabeba. Mwingine akasema basi sala, hata ile fupi. Mwalimu akasema sala hata kufuli lake, Amina, ni la Kiebrania. Toa.

Wakabaki Kipaza na mwenyekiti. Wawili. Mnaona hesabu hiyo? Mimi niliiona.

Kipaza akasimama. Akapiga kelele, "Jina la Yesu!"

Mwalimu akajibu polepole. "Ni Yoshua, mwanangu. Jina la babu zao. Mama yake alimwita hivyo akitaka aje kula."

Kipaza alikitazama kiti chake. Akainama. Nilikuwa sijawahi kuona hicho kitu. Akainua kiti akapita karibu na mimi, macho chini.

Mwenyekiti akakunja mikono. "Mimi sitaji kitu. Mimi ni mwenyekiti, siwezi kutoka bila kiti na kiti sikitoi."

Nje watu wakaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka. "Kaa tu, mzee wangu. Umebaki mmoja, nilisema wawili. Tufungie mkutano kwa sala."

Mzee akafumba macho. Akaomba vizuri, kwa ajili ya chuo, kwa ajili ya mwalimu, hata kwa ajili yangu na mlango. Akafika mwisho. "Tunaomba haya kwa jina la..." Akanyamaza. Jina liko nje. Akajaribu tena. "A..." Amina nayo iko nje. Alifungua jicho moja akamtazama Mwalimu. Mwalimu katulia, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri maji yachemke.

Yule mzee alibeba kiti chake. Akatoka nacho mpaka kwenye majani walipo wengine, akakiweka chini, akamalizia sala yake hapo juani. Wote wakaitikia. Mimi pia, na nyundo mkononi.

Habari ya kufukuzwa haikutajwa tena. Somo la viti likaandikwa kwenye ratiba rasmi, na mimi nikaandikiwa kurudisha viti. Kipaza hakusema ameelewa. Ila siku ile alibeba viti vinne vinne kuvirudisha ndani, bila kuombwa, bila neno. Leo ana kanisa kubwa. Anahubiri nini, sijui. Natumaini.

Mwalimu ametoa wachungaji wengi, wametawanyika kila mahali. Ameandika kitabu cha kufundishia. Amepoteza funguo za ofisi mara nyingi kuliko ninavyotaka kutaja. Kupigilia msumari hajui mpaka leo.

Mwalimu, wengi husema kweli wakafukuzwa. Wengine hunyamaza wakastaafu vizuri. Wewe umesema na umefika. Unatoka kwa miguu yako, mlango uko wazi, hakuna aliyekusukuma. Asante kwa ile siku ya ndoo. Asante kwa wote uliowafundisha kutowatukana wenzao. Magoti yasikusumbue, wajukuu wakusumbue kidogo. Huko uendako tunakuombea maisha mazuri, marefu, na majirani wanaojua kunyamaza.