Mama Ngazi Anashuka

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mwenzetu wa kitengo cha kamera, anayejulikana kwa walinzi, wateja na hata mbwa wa wateja kama Mama Ngazi, anastaafu rasmi Ijumaa hii, siku ya mwisho ya mwezi. Jina la kwenye kitambulisho chake analo. Mara ya mwisho lilipotajwa ofisini, mwenyewe hakuitika, na sisi tuliokuwa tumekaa naye tukageuka kumtafuta mgeni.

Alianza kazi getini, kwenye kibanda cha bati cha ghala la mbolea, mahali ambapo mtu hurudi nyumbani akinuka kazi yake. Kampuni ilipoleta kamera za kwanza na kuuliza nani haogopi kupanda, walinzi wenzake walitazama viatu vyao. Yeye aliuliza ngazi iko wapi. Ngazi haikuwepo; bajeti ilikuwa imeikumbuka kamera ikaisahau ngazi. Akanunua yake, ya alumini, akaifunga kitambaa chekundu kwenye ncha, na ndiyo hiyo hiyo mpaka leo.

Ndani ya gari ngazi hiyo hupakiwa kwanza, nasi hukaa panapobaki. Mumewe, fundi cherehani, aliishonea mfuko wa turubai kabla hajamshonea mkewe koti la mvua, na jambo hilo limetajwa nyumbani kwao zaidi ya mara moja. Sharti lake la kupanda ni moja: mtu aishike ngazi kwa mikono miwili, na asiongee. Wameishika mameneja, wameishika wenye mashamba makubwa. Mteja mmoja aliyejaribu kuishika kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa na simu sikioni, aliona fundi wake akishuka na kukaa chini kumsubiri amalize maongezi.

Kazi yake ya miaka mingi imekuwa kwenye mashamba yenye miti, mbali na barabara. Kufunga kamera dukani ni mambo ya ukuta na waya. Kwenye miti hakuna ukuta, hakuna umeme, na mtandao hupatikana kwa kubahatisha. Kamera hufungwa kwenye shina, hutumia betri na kipande cha sola, na hulala mpaka kitu kipite mbele yake. Hapo huamka na kurekodi, kisha hututumia picha moja tu huku chumba cha picha, maana mtandao wa huko haubebi zaidi. Video yenyewe, na sauti yake, hubaki kwenye kadi ndani ya kamera mpaka mtu apande kuitoa. Wengi wetu tuliona hilo ni usumbufu wa kazi. Yeye aliona ndiyo kazi.

Hakuzaliwa akijua. Kamera yake ya kwanza porini aliifunga vizuri, imara, mbele ya nyasi ndefu. Upepo ukavuma, nyasi zikacheza, kamera ikaamka. Zikacheza tena, ikaamka tena. Chumba cha picha kilipokea nyasi asubuhi, nyasi mchana na nyasi jioni, mpaka betri ikakata roho. Tangu hapo hajaondoka shambani bila kufyeka eneo lote ambalo kamera inaliona. Akimaliza, husimama mbele ya kamera na kuinua mkono juu, nasi tukiiona picha hiyo humpigia simu kumwambia amefika. Picha hizo za majaribio hufutwa kila mwisho wa wiki ili kupata nafasi.

Yapo mengi ya kusimulia, lakini moja linatosha, kwa kuwa ndilo lililobadilisha namna tunavyofanya kazi.

Kulikuwa na ndugu wawili walioachiwa na baba yao msitu wa miti ya mbao. Kaka mkubwa alipata upande wa juu, wenye miti iliyokomaa. Mdogo wake akapata bondeni. Tangu siku ya mgawanyo hawakusalimiana. Wakikutana njiani, kila mmoja alikuwa na kitu cha muhimu cha kutazama upande wa pili. Kisha miti ya kaka mkubwa ikaanza kukatwa, siku za mvua, wakati mvua inameza sauti ya msumeno. Alipokuja kwetu, tayari alikuwa na mwizi wake kichwani. Alichopungukiwa ni kamera.

Aliitaka ielekezwe kwenye njia inayopanda kutoka kwa mdogo wake, tena ifike mpaka mlangoni pake. Mama Ngazi aliifunga kwenye njia, kwa kuwa njia ni ya mteja. Mlangoni alikataa. Alimweleza kwamba kampuni inalinda miti, haichungulii nyumba za watu. Mteja akanuna, akamlalamikia meneja. Meneja akamwita, naye akarudia maneno yale yale kwa sauti ile ile.

Mvua zikaendelea na nyasi zikapanda. Kwa tunavyoijua kazi hii, kamera ile ilipaswa kuwa imezibwa zamani, lakini picha zake zilikuja safi kabisa. Mama Ngazi aligundua hilo akalisema. Sisi tukasema labda ni mbuzi.

Ndipo, siku mtandao ulipokubali, ikaja picha ya mgongo wa mwanamume, shati limelowa, mkono umeinua panga. Wiki hiyo hiyo miti mingine ilikuwa imeanguka. Tulimwarifu mteja, akafika ofisini kabla chai haijapoa. Aliutambua mgongo, alisema amelala nao kitanda kimoja utoto mzima. Alitaka ichapishwe, aipeleke polisi siku ile ile.

Picha ilikuwa haki yake, na meneja hakuwa na sababu ya kumnyima. Ilichapishwa, ikawekwa mezani. Kila aliyekuwemo chumbani alijua kwamba karatasi ile ikifika kituoni, mdogo mtu atalala ndani, na baada ya hapo wale hawatakuwa ndugu tena mpaka kaburini. Mama Ngazi hakusema kwamba mtu yule si mwizi. Hakujua. Alichosema ni kwamba picha moja ni mtu aliyekatwa katikati ya jambo, na yeye anataka kuona jambo zima. Mteja akasema ameona ya kutosha.

"Mzee wangu," Mama Ngazi akamwambia, "polisi hawahami. Twende tukatoe kadi. Tukishaiona, nitakupeleka kituoni mimi mwenyewe."

Meneja, na hili lihesabiwe upande wake, aliweka kikombe chake cha chai juu ya ile picha, akaendelea kunywa kwa utaratibu wa mtu asiye na haraka. Mteja akatangulia garini.

Ngazi aliishika mteja mwenyewe, kwa mikono miwili. Kadi ilipotoka, waliitazama pale pale chini ya mti, mteja amekaa kwenye kisiki cha mti wake ulioibwa, Mama Ngazi ameshika skrini ndogo, dereva wetu amesimama nyuma yao. Ni dereva aliyetusimulia, kwa sababu Mama Ngazi hasimulii habari za wateja.

Kwenye video mtu anapanda njia, panga mkononi. Anatazama huku na huku. Anachutama, anaanza kufyeka nyasi zilizo mbele ya kamera, bila papara, kama mtu anayesafisha uwanja wa kwao. Anaukata mmea uliokuwa unatambaa kwenye shina. Halafu anasogea mpaka jicho lake linajaa kwenye skrini, anafuta kioo cha kamera kwa pindo la shati, na anasema:

"Kaka, najua unanitazama mimi. Nitazame tu. Ila lori linapitia kule machimbo ya zamani, na kamera yako iko huku. Igeuze."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia kaka yake tangu mgawanyo.

Mzee aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Alipoomba tena, dereva anasema, hakuwa akiitazama skrini. Alikuwa akisikiliza sauti. Kisha akanyanyuka, akateremka kwa njia ile ile aliyotaka ichunguzwe, bila kuaga. Hakuna aliyemfuata. Mama Ngazi aliingoja ngazi ishikwe na dereva, akaifungua kamera, akaenda kuifunga machimboni. Akafyeka, akasimama, akainua mkono.

Lori lilionekana mvua iliyofuata, namba zake zikisomeka, na mengine yako mahakamani yalikomalizikia. Picha ya mgongo, yenye duara la kikombe, mteja aliichukua. Mkewe alitwambia iliwekwa sebuleni, na mgeni akiuliza aliambiwa huyo ni mdogo wangu, ananifyekea.

Tangu hapo hakuna picha ya mtu inayotoka ofisini kwetu kwenda popote kabla kadi haijatolewa na kutazamwa mwanzo hadi mwisho. Utaratibu huo umebandikwa ukutani kwa mwandiko wa meneja. Umetuchelewesha mara nyingi, na wapo wateja waliotuita wazembe kwa ajili yake. Wapo pia watu wanaolala majumbani mwao leo, wasiojua kwamba siku moja walikuwa picha moja tu mezani petu.

Kaka mkubwa alifariki mwaka jana. Msitu wote sasa unatunzwa na mdogo wake, na wiki iliyopita ndiko Mama Ngazi alikofunga kamera yake ya mwisho. Magoti yake yalishatoa taarifa kabla ya ofisi ya utumishi. Mumewe ameahidi kumpumzisha yeye na ngazi pamoja, ingawa tumesikia ngazi ameitengea nafasi kwenye karakana yake ya ushonaji, ya kuanikia vitambaa, na kwamba suala hilo bado lina mjadala.

Picha ya majaribio ilitufikia saa za mchana. Mama Ngazi yuko katikati, mkono juu kama kawaida. Nyuma yake ni yule ndugu mdogo, mvi zimemjaa, ameikumbatia ngazi kwa mikono miwili. Nyasi zilikuwa zimeshafyekwa kabla fundi hajafika. Tulimpigia simu kumwambia amefika. Mwisho wa wiki tulifuta picha zote za majaribio kama ilivyo desturi, isipokuwa hiyo.

Kwa niaba ya chumba cha picha, walinzi, madereva na wateja waliowahi kukushikia, asante, Mama Ngazi. Tunakuombea siku ndefu za afya, nyumba isiyo na ngazi, na mume atakayemaliza hatimaye lile koti.

Shuka taratibu. Tumeishika.