Jina Analoliita Usingizini

THEODOSIA: Haloo, nani mwenzangu?

LUKRESIA: Lukresia. Wa Songea, Bombambili. Mke wa Urbani.

THEODOSIA: Karibu. Urbani mzima?

LUKRESIA: Mzima. Kwani nikikupigia lazima awe anaumwa?

THEODOSIA: Tangu nirudi huku Mpitimbi hujawahi kunipigia, ndiyo maana na—

LUKRESIA: Anakuja huko?

THEODOSIA: Urbani? Tangu tuachane hajakanyaga. Kuna nini?

LUKRESIA: Analitaja jina lako usingizini. "Theo, Theo." Halafu anarusha miguu mpaka shuka linaanguka. Anaamka, anazunguka uani. Nikimwuliza, anasema ni miguu tu. Miguu gani inayoita mwanamke?

THEODOSIA: Anasema kuna kitu kinamtambaa ndani ya vigimbi?

LUKRESIA: Umejuaje?

THEODOSIA: Nimeishi naye, mdogo wangu. Hata mimi nilidhani ana mtu. Nilipekua simu, nikamnusa mashati. Nilipochoka nikamburuta hospitali. Wakampima, wakasema damu imepungukiwa madini ya chuma. Akapewa vidonge, akaanza kula— haloo? Unakatakata.

LUKRESIA: Nakusikia. Nimetoka nje, mtandao wa ndani haueleweki.

THEODOSIA: Apimwe kwanza, msinunue tu vidonge dukani. Na kahawa ya jioni walimkataza kabisa.

LUKRESIA: Kahawa?

THEODOSIA: Anakunywa?

LUKRESIA: Namchemshia mimi. Kila jioni. Aliniambia kwako hakuwahi kupata kahawa ya—

THEODOSIA: Kwangu hakuipata. Nilimnyima.

LUKRESIA: Na miguu ikimwanza usiku?

THEODOSIA: Mkande kwa maji ya moto. Taratibu, toka gotini kushuka. Utaona miguu inatulia kwanza, halafu pumzi.

LUKRESIA: Unakumbuka vizuri.

THEODOSIA: Umeniuliza.

LUKRESIA: Kwa hiyo anakuita kwa sababu ulikuwa unamkanda? Basi?

THEODOSIA: Labda. (mkwaruzo kwenye simu) Lukresia, analiitaje jina langu? Kwa hasira?

LUKRESIA: Kwa hasira.

THEODOSIA: Aa. Sawa. Mpeleke hospitali, usichelewe. Na ukimkanda usimwambie nimekufundisha mimi. Ajue ni mkono wako. Haya, nimeanika mahindi, wingu hilo lina—

LUKRESIA: Ngoja, dada. Salio linaisha. Nimekudanganya.

THEODOSIA: Kuhusu nini?

LUKRESIA: Si kwa hasira. Analiita kama mtu anayeomba maji. Mimi niko pembeni yake, nasikia.

(mkwaruzo)

LUKRESIA: Haloo? Dada Theo, umenisikia?

THEODOSIA: Nimekusikia. Mkande leo, Lukresia. Leo hii. Asije akaendelea kuni—

(Simu imekatika.)